Kando ya reli ya Tanga: njia nne za kutafiti kabla ya kujenga modeli, na ipi inamfaa nani

Kichwa cha treni hakimsumbui sana mjenzi wa modeli. Injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, zimepigwa picha kutoka kila upande, na mbili kati yake bado zimesimama Nairobi. Namba, rangi, mpangilio wa magurudumu, vyote unavipata jioni moja. Kasheshe inaanza injini ikishawekwa mezani na ukajiuliza pembeni yake pawe na nini. Tangi la maji lina miguu mingapi? Nyumba za genge, yaani kikosi cha kutunza njia, zinatazama reli au zinaipa mgongo? Mawe yaliyopakwa chokaa yanaishia wapi, na mjohoro mkubwa uko upande gani wa stesheni? Hayo ndiyo yanayomfanya mtu aliyekulia Korogwe aitazame modeli yako na kusema "hapa ni kwetu", au apite tu.

Nimechukua reli ya Tanga kama mfano kwa sababu ina tabaka nyingi mahali pamoja. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Upana wake ni milimita 1,000, sawa na reli ya Mombasa hadi Kisumu na ile ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa hiyo karibu yote nitakayosema yanafaa huko pia. TAZARA nayo ni reli nyembamba, lakini ina milimita 1,067, imejengwa miaka ya 1970 na ina ulimwengu wake. Naiacha.

Njia za kutafiti ninazozilinganisha ni nne: kwenda njiani mwenyewe na tepu ya kupimia; kuchimba nyaraka, michoro na picha za zamani; kuketi na wazee waliofanya kazi reli; na kubaki nyumbani na picha za setilaiti pamoja na video za abiria.

Vigezo, na mambo mawili ya kuamua kwanza

Amua mwaka. "Zamani" si mwaka. Stesheni ya 1912 ina milundo ya kuni kwa ajili ya injini na maandishi ya Kijerumani. Ya 1962 ina herufi za EAR&H, yaani East African Railways and Harbours. Ya miaka ya 1990 ni ya dizeli, na tangi la maji limebaki kuwahudumia watu wa landi (nyumba za wafanyakazi wa reli) tu, kama bado linashika maji. Ukichanganya vitu vya vipindi hivyo bila kujua, umejenga stesheni ambayo haijawahi kuwepo.

Amua skeli, yaani modeli iwe ndogo mara ngapi kuliko kitu halisi: 1:87 ni mara 87. Reli ya mita moja kwa 1:87 hupita kwenye njia ya milimita 12, kwa 1:45 ni milimita 22.5, na kwa 1:22.5 ni milimita 45, ile ya watu wenye bustani. Kosa la sentimita 10 kwenye jengo halisi linakuwa milimita 1 na kidogo kwa 1:87, na jicho halilioni. Kwa 1:22.5 kosa hilohilo ni karibu milimita 4 na nusu, na mlango unaonekana wa ajabu. Kwa upande mwingine, yadi ya stesheni yenye mita 400 inataka meza ya mita 4.6 kwa 1:87 na mita karibu 18 kwa 1:22.5, kwa hiyo mwenye skeli kubwa atalazimika kukata na kuchagua anachoonyesha. Huyu anahitaji vipimo vya vitu vichache kwa usahihi mkubwa. Mwenye skeli ndogo anahitaji mpangilio wa eneo lote, na vipimo vya wastani vinamtosha.

Baada ya hapo kila njia naipima kwa maswali matano: inakufikisha kipindi gani, inakupa vipimo vya kuaminika kiasi gani, inasema nini kuhusu rangi na uchakavu, inaeleza vipi mpangilio na matumizi ya vitu, na inakugharimu nini kwa fedha, vibali na muda.

Kipindi

Ukienda njiani unaona leo. Reli ya Tanga ililala miaka mingi, kisha ikafufuliwa: mizigo mwaka 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi mwishoni mwa mwaka huohuo, na Arusha mwaka 2020. Kufufua reli ni kubadilisha mataruma (mihimili inayolazwa chini ya reli), kumwaga kokoto na kufyeka, kwa hiyo unachokiona hapo kina mchanganyiko wa umri. Lakini tabaka za zamani hazifutiki zote. Ubavuni mwa reli, kwenye lile shingo kati ya kichwa na kitako, mara nyingi kuna maandishi yaliyoinuka: jina la kiwanda, mwaka, pengine na uzito. Ukiona reli iliyong'olewa na kulazwa pembeni mwa stesheni, weka karatasi juu ya maandishi na usugue kwa mkaa, herufi zinatoka hata kama kutu imezila. Tahadhari moja: reli nyepesi iliyotolewa njia kuu haikutupwa. Ilihamishiwa njia za pembeni. Mwaka unaousoma ni umri wa kile chuma, wala hausemi njia hiyo ya pembeni ilitandikwa lini.

Nyaraka ndizo mabingwa wa kila kitu cha kabla ya miaka ya 1960. Kwa kipindi cha Wajerumani kuna mkusanyiko mkubwa wa picha za kikoloni ulio Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, ambao umewekwa mtandaoni, na kuna majalada ya ofisi ya makoloni yaliyo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, huko Berlin. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza. Kwa kipindi cha Waingereza kuna pia Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizo Kew, London, na Nairobi kuna Nyaraka za Taifa pamoja na Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Udhaifu wao ni maelezo ya chini ya picha. Mwaka ulioandikwa unaweza kuwa wa kuchapishwa, na picha yenyewe ilipigwa miaka kadhaa nyuma. Kadi ya posta ndiyo mbaya zaidi kwa hili, maana iliendelea kuuzwa hadi ikaisha dukani.

Kwa wazee, piga hesabu. Aliyeajiriwa mwaka 1970 akiwa na miaka 20 sasa ana zaidi ya 75. Kwa hiyo kumbukumbu ya kazi yenyewe inakufikisha miaka ya mwisho ya East African Railways, kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na miaka ya Shirika la Reli Tanzania. Ya kabla ya hapo utayapata kama hadithi za baba yake. Zina thamani, ila ziandike mahali pake.

Setilaiti ya kawaida inaanzia miaka ya 2000, na kwenye programu ya Google Earth unaweza kurudisha miaka nyuma uone eneo lilivyobadilika. Wachache wanajua kwamba picha za setilaiti za kijasusi za Marekani zilizoitwa CORONA, za mwaka 1960 hadi 1972, zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zile nzuri zaidi zinaonyesha kitu cha ukubwa wa mita 2 hivi. Kabla ya kulipia kuskaniwa kwa filamu, hakikisha eneo lako limo na mawingu hayakulifunika. Milima ya Usambara haikosi mawingu.

Vipimo

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu, kwa sababu kila njia ina akili yake.

Njiani, tepu haina mpinzani. Lakini muda wako stesheni ni mfupi na huwezi kupima kila kitu, kwa hiyo beba fimbo ya mita 2 iliyopakwa rangi mbili kwa vipande vya sentimita 10, iegemeze ukutani katika kila picha na upige ukiwa umekabiliana na ukuta moja kwa moja, bila kusimama kwa mshazari. Ukifika nyumbani utapima dirisha ambalo hata hukulitilia maanani ulipokuwa pale.

Nyaraka zikikupa mchoro wa kihandisi utadhani umemaliza kazi. Bado. Mchoro wa kawaida wa nyumba ya genge unaonyesha nyumba ilivyokusudiwa iwe. Fundi wa Mombo alikuwa na mawe ya Mombo na bati lililopatikana wiki hiyo. Tafuta picha ya jengo lilelile uhakiki. Kumbuka pia kwamba Mjerumani alichora kwa mita na Mwingereza kwa futi na inchi, na jengo moja likiongezwa chumba mwaka 1930 lina lugha mbili za vipimo ndani yake.

Pasipo na mchoro, picha yenyewe ina rula ndani yake ukijua pa kutazama. Kati ya reli na reli ni milimita 1,000, hiyo ni ya bure katika kila picha. Bati la Kiingereza la mawimbi lina wastani wa inchi 3 kutoka wimbi hadi wimbi, kwa hiyo hesabu mawimbi ya ukingo wa paa upate upana wa kibanda. Debe la mafuta ya taa lina kama sentimita 35 kwenda juu, na ni nadra kukosa debe kwenye picha ya stesheni.

Mfano mzuri kuliko yote ni tangi la maji la paneli za chuma zilizokandamizwa, lile la aina ya Braithwaite ambalo limesimama kwenye stesheni nyingi za huku. Kila paneli ya zamani ni mraba wa futi 4, na ukingo wake umefungwa kwa bolti kwa jirani yake, hivyo mistari ya viungo inaonekana hata kwenye picha mbovu. Tangi lenye paneli 4 kwa urefu, 3 kwa upana na 2 kwenda juu ni futi 16 kwa 12 kwa 8, yaani mita 4.88 kwa 3.66 kwa 2.44, na linabeba lita elfu arobaini na kitu. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 56 kwa 42 kwa 28. Ukishapata tangi, umepata na urefu wa minara iliyolibeba, na ukipata minara umepata na paa la stesheni nyuma yake. Matangi mapya yana paneli za mita moja, kwa hiyo linganisha kwanza na mtu aliyesimama karibu au na ngazi.

Wazee hawatakupa milimita, na usiwalazimishe. Lakini mzee akisema "ukuta wa jukwaa ulikuwa unanifika hapa" na kugusa kiuno, hicho ni kipimo. Muombe ruhusa, pima kutoka sakafuni hadi mkono wake ulipo. Mtu aliyepakia magunia juu ya jukwaa hilo kwa miaka mingi, mwili wake unakumbuka kimo chake vizuri kuliko anavyoweza kukitaja kwa namba.

Setilaiti ni nzuri kwa urefu wa ardhini: kutoka pointi (pale njia za reli zinapogawanyika) hadi pointi, kutoka jengo hadi jengo, mzingo wa kona. Kwa kimo ni dhaifu. Unaweza kukadiria kwa kivuli ukiwa na kitu kingine unachojua kimo chake katika picha hiyohiyo, ila Tanga iko karibu na ikweta na vivuli vya kuelekea mchana ni vifupi, hivyo kosa dogo la kusoma linakuwa kubwa. Tumia paa unazojua upana wake kuhakiki rula ya programu kabla ya kuiamini.

Rangi na uchakavu

Njiani inashinda kwa rangi ya ardhi. Udongo hauna kipindi. Weupe wa matumbawe karibu na Tanga mjini, wekundu wa kuelekea Korogwe, vumbi la kahawia la nyika ya Mkomazi na Same: chota kidogo kila mahali kwenye kifuko, andika jina la stesheni, na ukifika nyumbani chekecha hadi uwe unga. Hakuna rangi ya dukani itakayofanana. Angalia pia madoa: mafuta kati ya reli pale injini inaposimama, na kutu ya mataruma ya chuma, ambayo yalipendwa huku kwa sababu mchwa hula mbao.

Rangi za mbao na kuta ni suala lingine. Ulichokiona leo kimepakwa upya mara nyingi. Mahali pa kuchunguza ni nyuma ya mlango, chini ya dirisha, palipobanduka. Tabaka za chini ndizo za zamani, na unaweza kuzihesabu.

Picha za zamani hudanganya kwa namna inayojulikana. Sahani na filamu nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hazikuiona nyekundu. Kitu chekundu kilitoka karibu cheusi, na cha buluu kilitoka cheupe. Anga tupu na udongo mweusi kwenye picha ya 1905 usikufanye upake meza yako masizi. Slaidi za rangi za miaka ya 1950 hadi 1970 zinasaidia zaidi, ingawa zikikaa vibaya nazo hubadilika rangi. Hapo kitu kilichohifadhiwa makumbusho kinakuwa shahidi wa kulinganisha: rangi ya damu ya mzee ya injini za East African Railways ukiiona Nairobi kwa macho yako, utajua slaidi yako imeegemea wapi. Lakini nayo ni ya kupakwa upya.

Wazee wanakumbuka nani alipaka na kwa nini. Mzee anaweza kukwambia mawe ya njia ya kwenda ofisini yalipakwa chokaa kila mkubwa alipokuja kukagua, na kwamba wiki ya tatu baada ya ukaguzi yalikuwa mekundu tena. Hiyo ni habari ya uchakavu ambayo nyaraka hazina. Majina ya rangi, hata hivyo, yanateleza. Nenda na kadi za rangi, zitandaze mezani, mwache anyooshe kidole.

Setilaiti kwa rangi ni ya kukisia tu. Video ya abiria ni afadhali kidogo, hasa kwa majani na msimu: Machi na Septemba nyika ileile ni nchi mbili.

Mpangilio na matumizi

Kigezo hiki wengi hukipuuza, nami naona ndicho kinachotenganisha modeli hai na ghala la vitu vilivyopimwa vizuri. Kitu cha kando ya reli kipo pale kwa sababu kuna mtu alikitumia.

Wazee wako mbele kwa umbali. Lakini namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Ukianza, "Shikamoo mzee, tangi lilikuwa na kimo gani?" utajibiwa, "Marahaba. Refu." Mazungumzo yamekwisha. Muulize, "Mzee, treni ya kutoka Moshi ikiingia, wewe ulikuwa unasimama wapi?" Hapo atainuka. Atasimama na bendera mkononi, ataonyesha stesheni masta alipotokea, mama wa ndizi walipojipanga, ndoo za mchanga za moto ziliponing'inia, toroli la genge lilipogeuzwa na kulazwa pembeni kupisha treni. Wewe chora. Kisha mpe mchoro aukosoe, kwa sababu watu wengi ni hodari zaidi wa kusahihisha kuliko kueleza. Ukiweza, wakutanishe wawili waliofanya kazi stesheni moja, ubishi wao utakupa mengi.

Mkonge ni mfano mwingine. Mashamba ya Muheza na Korogwe yalikuwa na vijireli vyao vya milimita 600 vya kuvuta majani hadi korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, na marobota yakafika stesheni. Nyaraka zitakwambia njia ya pembeni ya shamba ilikuwepo. Aliyefanya kazi pale atakwambia marobota yalisubiri wapi mvua ikinyesha.

Setilaiti inashika nafasi ya pili, na ina jambo moja ambalo nyingine zote hazina: inaona kilichokwishang'olewa. Kitanda cha njia ya pembeni iliyofutwa kinabaki kama mstari mwembamba wa majani tofauti, unaoonekana vizuri zaidi kwenye picha ya kiangazi, ukipinda kwa kona laini ambayo barabara ya kijiji haina. Uweke juu yake ramani ya zamani ya 1:50,000 uone kama zinakubaliana.

Njiani unaweza kukisoma kitanda hichohicho kwa miguu, na misingi ya zege iliyobaki kwenye nyasi inaeleza mnara uliposimama. Nyaraka nazo zina michoro ya yadi, na ukiipata ya mwaka wako una bahati. Barua za malalamiko kwenye majalada ni dhahabu isiyotazamiwa: anayelalamika kwamba choo kiko mbali na landi amekupa mpangilio wa eneo zima.

Fedha, vibali na muda

Reli inayofanya kazi ni miundombinu nyeti, na kuizurura na kamera ni kujitafutia kesi. Andika barua kwa uongozi wa reli mapema, eleza ni modeli, taja stesheni na tarehe, na ukifika jitambulishe kwa stesheni masta kabla hujatoa kamera kwenye mfuko. Kaa upande wa jukwaa. Madaraja na kalavati za njia kuu usizikanyage; zipige picha kutoka barabarani. Nauli, malazi na majibu ya barua ndiyo gharama yako.

Nyaraka zinataka subira. Utajisajili, pengine kwa ada, na mtafiti wa kutoka nje ya Tanzania ajiandae kwa kibali cha utafiti kabla hajapanda ndege. Majalada ya Kijerumani yana kikwazo cha ziada: mwandiko wa mkono wa zama zile, ambao humkwamisha hata Mjerumani wa leo. Michoro iliyochapwa haina shida hiyo, kwa hiyo anza nayo.

Kwa wazee hakuna ada, kuna adabu. Usiende mikono mitupu, usiende saa ya swala au ya chakula kama hukualikwa, omba ruhusa ya kurekodi, na ukimaliza modeli mpelekee picha. Muda ndio bei kubwa: ziara ya kwanza ni ya kufahamiana, usitegemee vipimo.

Setilaiti ni bando tu.

Inayomfaa nani

Kwenda njiani kunamfaa anayejenga leo au miaka ya karibuni, mwenye skeli kubwa, na anayeweza kufika Tanga au Moshi bila kuuza mbuzi. Nyaraka zinamfaa anayejenga zama za Wajerumani au za Waingereza, mtu asiyechoshwa na kurasa. Wazee wanamfaa anayetaka stesheni ya miaka ya 1970 na 1980 yenye watu ndani yake, na ana lugha na utulivu wa kusikiliza. Setilaiti na video zinamfaa aliye mbali, mwenye skeli ndogo, au yeyote anayetaka kujua aende wapi kabla hajatumia nauli.

Kwa hali yako

*Uko Ulaya au Ghuba na hurudi nyumbani karibuni.* Anza na setilaiti kwa mpangilio, kisha picha za Frankfurt, na kama uko Uingereza tenga siku ya Kew. Mzee wa reli katika ukoo ukimpigia simu ya video na kumshikia mchoro mbele ya kamera, kazi inafanyika.

*Unajenga Mombo ya mwaka 1910.* Nyaraka kwanza na nyaraka tena. Njiani nenda kwa ajili ya udongo, mlima ulio nyuma na misingi ya mawe tu. Picha za setilaiti zikusaidie kupata mzingo wa njia, maana kona za reli hazihamishwi ovyo.

*Unajenga Korogwe ya 1975.* Wazee wasubiri? Hapana, nenda kwao kabla ya kitu kingine chochote, nyaraka zitakungoja. Ukirudi, tafuta slaidi za rangi za kipindi hicho na picha za CORONA zilizo karibu zaidi na mwaka wako.

*Una meza ya mita 2 na skeli ya 1:160.* Usipoteze mwezi kwenye bolti za tangi ambazo hazitaonekana. Setilaiti, video ya dirishani, na kifuko cha udongo unachoweza kuagizia kwa ndugu anayepanda basi.

*Unajenga bustanini kwa 1:22.5.* Chagua majengo mawili au matatu tu, yapime kwa tepu na fimbo, na kila moja liwe na picha za pande nne pamoja na paa. Lisilopimika kwa mkono likadirie kwa paneli na mabati.

*Barua yako ya kibali haijajibiwa.* Panda treni kama abiria. Kaa upande wa jukwaa, andika unachokiona kila stesheni, na kamera iache hadi uulize wahudumu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi ni ya kununua tiketi tu, na vifaa vingi vya kando ya reli vya East African Railways vilikuwa vya namna moja Kenya na Tanganyika, hivyo tepu yako itapata kazi kule wakati barua inazunguka ofisini.